Namba ya Babu

Katika nyumba yetu hapa Goma tunaye mzee mmoja, shangazi yangu, mwenye miaka 87. Macho yake hayaoni vizuri, na majina ya vitukuu huyachanganya. Lakini kiko kitu kimoja asichokisahau. Ukimwomba akutajie namba ya baba yake, hunyosha mgongo, huinua kidevu, kisha huitaja yote kwa Kifaransa cha kambini, tarakimu moja moja, bila kusita. Ndiyo namba aliyopewa babu yangu siku alipoandikwa uaskari. Kila jioni baada ya chakula mzee yule aliwapanga watoto wake mbele ya nyumba, akawataka waitaje. Aliyekosea alirudia. Watoto walidhani ni mchezo.

Nataka kuwasimulia jinsi namba hiyo ilivyonipeleka kutafuta habari za babu katika karatasi za jeshi, na jinsi ilivyotaka kututenganisha nyumbani, na mwisho wake. Majina ya wazee wangu siyaandiki hapa, kwa kuwa ukoo haukunipa ruhusa ya kuyatangaza. Yako katika daftari letu, na Mungu anayajua.

Kwanza nieleze kwa nini namba ilibaki peke yake. Babu alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake alitunza kitabu chake cha uaskari na nishani moja ya shaba, iliyofungwa katika kitambaa. Alipofariki mwaka 1968, mimi nikiwa mtoto wa miaka 9, sanduku lilihamia kwa baba yangu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafunika maelfu ya nyumba, ukaliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Nyumba ya baba ilikuwa katika njia yake. Tulitoka na watoto, godoro moja na sufuria. Sanduku likabaki. Leo pale pana nyumba nyingine, imejengwa juu ya makoro, na chini ya makoro hayo ndiko liliko sanduku la babu.

Miaka mingi nalijifariji kwa kusema kwamba karatasi ni karatasi tu. Lakini mwezi wa Januari 2025 vita iliingia mjini. Siku zile tulilala sakafuni tukisikia mizinga, na mke wangu akaniuliza ni karatasi zipi tuzitie katika mfuko, ikiwa itatubidi kukimbia. Nikatia hati ya kiwanja, vyeti vya ubatizo, na vyeti vya shule vya watoto. Ndipo nikaona kwamba ya babu haikuwamo hata moja, naye ndiye aliyetuleta Goma. Nikawaza: shangazi akiondoka, namba nayo itaondoka. Mambo yalipotulia kidogo, nikachukua daftari, nikaketi mbele yake, nikaandika alivyotaja.

Basi, babu alikuwa nani? Hakuzaliwa Kivu. Alitoka upande wa Maniema, akatolewa kijijini akiwa kijana, akatiwa katika Force Publique, jeshi la Bula Matari. Muda wa kutumika ulikuwa miaka 7. Askari alipelekwa mbali na kwao, akachanganywa na watu wa makabila mengine, ili asiwe na jamaa wa kumhurumia mahali anapotumwa. Hivyo kijana wa Maniema akajikuta chini ya milima ya moto, katika baridi asiyoizoea.

Wengi wetu tunavuka mpaka wa Goma na Gisenyi kwa mboga, kwa sabuni, kwa harusi na matanga, wala hatukumbuki kwamba hapo palikuwa mstari wa vita. Mwaka 1914 Goma ilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji, na ng'ambo, Kisenyi, walikaa Wadachi, ndivyo wazee walivyowaita Wajerumani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wadachi walipiga mizinga kituo cha Lukuga kando ya ziwa Tanganyika, na mwezi wa Septemba wakakamata kisiwa cha Idjwi katika ziwa letu. Tangu hapo askari wa pande mbili walitazamana mwaka mmoja na nusu, kutoka ufukoni mpaka miguuni pa volkano. Kisha mwezi wa Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur akaamuru majeshi yaende mbele. Brigedi ya kaskazini, chini ya Kanali Molitor, ilitoka upande huu wetu. Ya kusini, chini ya Olsen, mtu wa Denmark, ilitoka upande wa mto Ruzizi. Kigali iliingiwa tarehe 6 Mei, Kigoma mwisho wa mwezi wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Babu alikuwamo katika safari hiyo, kwa miguu, kutoka ziwa hili mpaka Tabora. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Lakini kuambiwa si kuona, na vijana wa siku hizi wakatuuliza: "Ushahidi uko wapi?"

Nalianza kutafuta kwa njia ya karibu. Nalikwenda katika misioni moja ya kando ya ziwa, ambako babu alibatizwa akiwa mtu mzima. Padri akanipokea kwa upole, akatoa kitabu kikubwa chenye karatasi za rangi ya chai, akafunua mwaka 1924. Tulikiona: jina la ubatizo, jina la kwao, jina la msimamizi wake, na neno moja la Kilatini ambalo Padri alinifasiria kuwa ni "askari". Jina la kwao lilikuwa limeandikwa kwa L mahali ambapo sisi tunatia R. Padri akacheka, akasema: "Mwalimu, usidharau kosa hili. Liandike kama lilivyo. Huenda aliyeandika jeshini alisikia vivyo hivyo." Neno hilo lilinisaidia sana baadaye.

Kisha nalimwandikia binti wa mdogo wangu, anayekaa Ubelgiji na kufanya kazi ya uuguzi. Yafaa mjue kwamba karatasi nyingi za serikali ya kikoloni zilipelekwa Brussels wakati wa uhuru. Muda mrefu zilitunzwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na katika miaka ya karibuni zimekuwa zikihamishiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Mtu anaweza kuomba kuzisoma, akipewa siku. Binti yetu alikwenda siku yake ya mapumziko, akaniandikia hivi: "Baba mkubwa, hapa hawaulizi hadithi. Wanauliza jina, namba, mwaka, mahali alipoandikwa, na kikosi. Nikisema tu kwamba babu yetu alipigana Tabora, wananitazama kwa huruma." Nikampa namba ya shangazi, na jina kwa maandiko mawili, la R na la L.

Alikwenda mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne akapiga simu usiku, nami nikatambua kwa sauti yake kwamba amepata. Ulikuwa mstari mmoja tu, katika orodha ya askari waliomaliza kazi. Namba ni ile ile. Jina ni lile la L. Mwaka wa kuandikwa ni 1913, na wa kutoka ni 1920. Jina la chifu wake wa Maniema, ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua tena, lilikuwa hapo. Na katika safu ya mwisho, ya vita alivyokwenda, ilionyeshwa kwamba alikuwamo katika safari ya 1916.

Asubuhi nalimsomea shangazi. Nilipofika kwenye namba, aliitaja pamoja nami, mimi nikisoma karatasini, yeye akisoma kichwani, na tukamaliza pamoja. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Basi baba hakutudanganya." Ndipo nikajua kwamba miaka yote alikuwa na wasiwasi huo, wala hakuuonyesha.

Furaha ikaenea katika ukoo. Tukaita mkutano wa jamaa, tukaamua kulijenga upya kaburi la babu, na kutia bamba la sementi lenye jina lake, namba yake, na maneno "Askari wa Tabora, 1916". Kila nyumba ikataja mchango wake. Zamu ikafika kwa mama yangu mzazi. Mama ana miaka 86, naye ni binti wa milima ya Masisi, aliyeolewa katika nyumba yetu karibu miaka 70 iliyopita. Akasema: "Mimi sichangii."

Tukadhani hana fedha, na mdogo wangu akasema atamtolea. Mama akakataa kwa mkono. Akasema, wala hakupandisha sauti:

"Wanangu, nisikilizeni. Mwaka huo wa Tabora, kwetu walikuja alfajiri. Babu yangu alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hawakumwuliza jina. Walihesabu wanaume, wakafunga kamba, wakaondoka nao kwenda kubeba mizigo ya vita. Baba yangu alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alimfuata baba yake mpaka kijitoni, askari akamrudisha kwa bunduki. Babu akageuka mara moja, akamwambia: 'Mwambie mama yako mpini uko nyuma ya mlango.' Hilo ndilo neno la mwisho. Hakurudi. Bibi aliutunza mpini ule mpaka ukaliwa na mchwa. Askari yule alikuwa na namba. Labda ndiyo hiyo mnayoiimba. Nimeishi na namba hiyo katika nyumba hii, nimewafundisha ninyi wenyewe kuitaja, kwa kuwa mume wangu alipenda. Lakini jiwe la askari sitalijenga, mpaka mtu aniambie mpagazi wangu yuko wapi."

Mkutano ukavunjika. Wengine walisema kwamba mama ameharibu sherehe kwa maneno ya miaka 100 iliyopita. Mimi sikulala. Nalikuwa nimefundisha watoto wa watu historia muda wa miaka 34, na sikuwahi kumwuliza mama yangu habari za kwao.

Nalimwandikia tena binti yetu: "Tafuta mpagazi wa Masisi, wa mwaka 1916." Akauliza namba. Hakuna. Akauliza kikosi. Hakuna. Akaenda hata hivyo. Baada ya wiki kadhaa akaniletea jibu. Katika mafungu aliyoletewa, askari walikuwa wameandikwa kwa mistari, kila mtu na namba yake na jina lake. Wapagazi walikuwa wameandikwa kwa jumla: siku fulani, mahali fulani, vichwa kadha wa kadha. Chini yake, magunia ya mchele kadha wa kadha. Akaniambia: "Baba mkubwa, nimetafuta jina moja tu la mpagazi, nisipate."

Hapo nikaanza kusoma habari za wapagazi wale, nami nawaeleza kwa kifupi, maana ni habari zetu sote. Wakati ule hapakuwa na njia ya gari wala ya reli katika milima hii. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au mgongoni: risasi, mizinga iliyovunjwa vipande vipande, hema, dawa, na chakula cha askari. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Na mpagazi naye anakula. Kwa hiyo kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo ilivyotakiwa kukamata wapagazi wengine wa kubeba posho ya wapagazi. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika vita ile Wabelgiji walitumia wapagazi 260,000 hivi, na askari walikuwa wachache sana kuliko hao. Wapagazi walikufa kwa maelfu. Si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara damu, kwa kichomi, kwa baridi ya milimani bila nguo, na kwa njaa. Walioachwa nyumbani pia waliteswa, kwa sababu waliolima walikuwa wamechukuliwa, na chakula kimechukuliwa. Ng'ambo yetu, katika Bugoyi na nchi za jirani, ikaja njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rumanura.

Tena si Wabelgiji peke yao. Wadachi walikamata wapagazi, na Waingereza walikamata wengi zaidi, wakawaweka katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Mtu akisikia jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, ndilo jina hilo hilo katika midomo ya watu wetu. Mjini Nairobi iko sanamu ya shaba ya ukumbusho wa vita ile, na mmoja wa watu wake watatu ni mpagazi. Lakini jina la mtu halipo.

Jumapili moja binti yetu alikwenda katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Akaona ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Majina yote yamechongwa. Ya Wakongo waliokufa miaka hiyo hayamo. Ila jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika juu ya vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba waliofia Tervuren mwaka 1897, walipopelekwa kuonyeshwa kwa watu. Jua likipiga, kivuli cha majina hayo huanguka juu ya ukuta ule. Binti yetu alisimama akingoja jua litoke. Naye Jenerali Tombeur, baada ya vita alipewa ruhusa kuongeza neno la Tabora katika jina lake. Nalifikiri sana juu ya jambo hili: njia moja iliyomwongezea mtu jina, iliwapoteza wengine hata na majina waliyokuwa nayo.

Mwisho nalimwendea mama, nikamweleza yote, bila kuficha. Nikamwambia: "Mama, katika karatasi hayumo." Akanijibu: "Nalijua, mwanangu. Nalitaka ninyi mjue."

Tukakutana mara ya pili, na mioyo yetu ilikuwa mizito. Mdogo wangu akashauri kaburi liachwe kama lilivyo, ili amani ibaki. Ndipo shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni kama mtu anayesinzia, akaomba kusema.

"Wifi yangu amesema kweli," akasema. "Baba alikuwa akitembea nyuma ya mstari wa wapagazi, na fimbo mkononi. Alimwambia mama yangu, nami nalikuwa nimelala karibu, nikasikia. Mwingine akianguka, walichukua mzigo wake, wakamwacha njiani. Baba alisema: 'Mimi nalikuwa na namba. Ningalikufa, karani angaliandika. Wale walihesabiwa asubuhi na jioni kama magunia, na hesabu ikipungua walikamata wengine.' Na kila mwaka, mwezi wa Novemba, alinipa fedha zilizofungwa katika pindo la kitambaa, akanituma kwa Padri kuomba Misa. Padri akauliza ni kwa ajili ya nani. Mara ya kwanza nalirudi nyumbani kuuliza. Baba akasema: 'Mwambie, kwa wale wa mizigo wa njia ya Tabora. Majina siyajui.' Nalipeleka fedha hizo tangu nikiwa msichana mdogo mpaka nilipoolewa, na baadaye alikwenda mwenyewe, hata mwaka wa kufa kwake."

Nikamwuliza: "Shangazi, mbona miaka yote hukutuambia?"

Akanijibu: "Hamkuniuliza. Mliniuliza namba."

Kila mtu akanyamaza. Mama akainuka polepole, akavuka chumba, akaketi karibu na shangazi, akamshika mkono. Walikaa hivyo wajane wawili, mmoja binti wa askari, mwingine mjukuu wa mpagazi. Kisha mama akasema: "Andika." Nikafungua daftari. Akataja jina la babu yake, na jina la kilima chake, na jina la mke wake aliyeutunza mpini. Akatazama ninavyoandika, akanirekebisha herufi moja. Halafu akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mchango wake.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha. Babu yangu alishika fimbo, na kutoa fedha za Misa hakumrudishi mtu aliyeachwa njiani. Yeye mwenyewe alijua hivyo, nadhani. Ndiyo sababu alirudia kila mwaka. Namba aliwafundisha watoto wake kwa sauti, mbele ya nyumba. Habari ya wapagazi aliipeleka kanisani kimya, katika pindo la kitambaa. Karatasi ya jeshi ilituonyesha nusu ya mtu. Nusu ya pili tuliipata kwa mzee asiyeona vizuri.

Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo tunasoma jinsi Yuda alivyowakuta askari wake waliouawa wakiwa na kosa lililofichwa chini ya nguo zao. Hakuwatukana, wala hakulificha kosa lao. Alikusanya fedha kwa watu, akazipeleka Yerusalemu, sadaka itolewe kwa ajili yao. Nalisikia somo hilo mara nyingi katika Misa za marehemu, lakini sasa nikilisikia humwona shangazi, msichana mdogo, akipanda njia ya misioni na fundo lake la fedha.

Kaburi limejengwa. Juu ya bamba kuna jina la babu na namba yake. Chini yake, kwa herufi zilizo sawa kwa ukubwa, kuna jina la mzee wa Masisi, ambaye kaburi lake halijulikani, na neno "mpagazi". Halafu: "Na wote waliobeba mizigo njia ya Tabora, 1916." Mwezi wa Novemba tuliomba Misa. Padri aliyasoma majina mawili, akaongeza wale wasiojulikana. Tulipotoka, tulipita penye sanamu ile ya dhahabu ya mtu wa chukudu, ambayo nyote mnaijua. Mjukuu wangu wa miaka 8 akauliza kama huyo ndiye mzee wa bibi mkubwa. Mama akacheka, akamwambia: "Siye. Lakini ni ndugu yake."

Wasomaji wapenzi, labda nanyi mnaye askari katika ukoo, wa Tabora au wa Mahenge, au wa Saio katika nchi ya Habeshi mwaka 1941, au wa Burma. Mkitaka kumtafuta, fanyeni mapema. Andikeni namba yake, ikiwa yuko anayeikumbuka. Andikeni jina lake kwa kila namna linavyoweza kusikiwa na karani mgeni. Ulizeni mwaka na mahali alipoandikwa. Angalieni kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha mazishi, kwa maana Padri aliandika hata yule ambaye serikali haikumwandika. Wala msiweke nakala mahali pamoja. Mji wetu umetufundisha hivyo kwa moto na kwa vita.

Na mkishapata mnachokitafuta, msifunge daftari. Wageukieni wale walioketi pembeni, hasa mama zenu na bibi zenu waliotoka katika nyumba nyingine, muwaulize wa kwao alikuwa wapi siku zile.

Mama sasa anaitaja namba ya babu pamoja na wajukuu jioni, kama zamani. Wakimaliza, huwafundisha na jina la mzee wake. Aliyekosea hurudia.